Siku Tulipowaonyesha Wazazi Tumbo la Prosesa

Sentensi niliyoichukia kuliko zote katika miaka yangu ya kufundisha ni hii: prosesa ni ubongo wa kompyuta. Iko kwenye kitabu, inaandikwa ubaoni, inanakiliwa daftarini, inarudi kwenye mtihani, na mwanafunzi anapewa alama mbili. Sasa muulize: ubongo gani, na unafanya nini humo ndani? Atakuangalia kana kwamba umemtukania mama. Aliyemfundisha naye hajui. Mimi mwenyewe sikujua, na diploma yangu ya elektroniki ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mama ili kila mgeni aione.

Nilikuwa nafundisha katika chuo cha ufundi hapa Isiolo, kimoja kati ya vile vilivyopigwa rangi upya serikali za kaunti zilipoingia. Rangi ilikuwa mpya, bango lilikuwa jipya, na choo kilikuwa kilekile. Darasa langu lilikuwa na kompyuta tisa, mbili kati ya hizo zimekufa, na projekta moja iliyotoa picha ya kijani upande mmoja. Nilikuwa na wanafunzi kumi na wanne. Stima ikipotea, tulifungua redio mbovu na kutoa sehemu zake moja moja, na hayo yalikuwa masomo bora kuliko yale ya kwenye kitabu.

Mimi ni mtoto wa mtu wa malori. Babu yangu aliletwa huku akiwa askari wa Mwingereza, alipomaliza utumishi akaambiwa achunge ng'ombe wake hapa, na sisi wajukuu tukabaki kuwa watu wa Isiolo hadi leo. Baba hakuruhusu mtu yeyote aguse usukani wa lori lake kabla hajaiona injini ikiwa imefunguliwa chini. Alitushika masikio, wasichana kwa wavulana, akatuonyesha pistoni, akatuambia kitu kilichofungwa ndicho watu hukitumia kukudanganyia. Hasira zangu pia ni zake. Hizo sikuzisomea, nilizaliwa nazo, na nitakuja kueleza zilinifikisha wapi.

Rafiki niliyesoma naye Nairobi ndiye aliyeniletea kile kitu, kwenye flashi, alipopita akienda Marsabit. Akaniambia, angalia hii, wewe utaipenda. Kumbe kuna watu huko duniani walichukua prosesa ya miaka ya sabini, zile zilizokuwa kwenye kompyuta za kwanza za nyumbani, wakaivua ganda kwa asidi, wakaipiga picha chini ya hadubini, wakafuata kila waya na kila swichi, wakaichora upya yote ndani ya kompyuta. Si picha tu. Mchoro wenyewe unafanya kazi. Unabonyeza mara moja, saa ya prosesa inapiga pigo moja, na waya zenye stima zinageuka rangi. Unabonyeza tena, hizi zinazima, zile zinawaka. Unaiambia ijumlishe mbili na tatu, halafu unaiona ile mbili ikitoka pale ilipowekwa, ikipita njia yake, ikikutana na tatu. Prosesa yenyewe ilipiga mapigo kama milioni moja kwa sekunde, jicho haliwezi kuona chochote. Hapa unaenda pigo kwa pigo, mwendo wa kinyonga.

Nilikaa nayo Jumamosi nzima. Adhana ya adhuhuri ilipita, nikaswali haraka, nikarudi. Ilipofika alasiri nilikuwa nalia, na sioni aibu kusema. Nililia kwa hasira. Miaka mitatu ya diploma, miaka sita ya kufundisha, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kitu hiki kinaweza kuonekana. Nilikariri kama kasuku, nikawakaririsha watoto wa watu.

Jumatatu nikaiweka kwenye ukuta. Wanafunzi walicheka kwanza, wakasema inafanana na ramani ya soko la ng'ombe. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikawaachia wabonyeze wenyewe. Siku ya tatu kulikuwa na msichana mmoja aliyesimama mwenyewe bila kuitwa.

Alikuwa ametoka upande wa Garbatulla. Muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake ila kwenye kuitikia jina. Baba yake alifariki akiwa mdogo, na mjomba wake, kaka ya mama, ndiye aliyemlea na ndiye aliyemleta chuoni akiwa amembebea godoro begani. Karo yake ililipwa na basari ya kaunti. Alienda moja kwa moja hadi ukutani, akaweka kidole kwenye zile waya nane ndefu zinazokatiza katikati, zinazounganisha sehemu zote za prosesa.

“Madam, hizi zinatumiwa na wote,” akasema. “Lakini hakuna siku wawili wameingia pamoja. Kuna mtu anapanga zamu.”

Nikamuuliza amejuaje. Akasema kisimani kwao ni hivyo. Kuna mtu anaitwa abba herega, kazi yake ni kujua leo ni zamu ya mifugo ya nani, na wengine wanangojea mbali, hata kama wana kiu namna gani. Makundi mawili yakiingia pamoja, hori la udongo linavunjika na hakuna anayekunywa. Halafu akarudi kwenye mchoro, akatafuta waya moja baada ya nyingine, na kabla ya kengele kulia alikuwa ametuonyesha ni swichi zipi zinazofungua na kufunga njia kwa kila mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa nayo siku nzima na sikuwa nimeziona. Wallahi, sijawahi kumfundisha mtu akanipita kwa wiki moja, na sijawahi kufurahi namna ile.

Baada ya hapo darasa lilibadilika. Walikuja mapema. Waligombana juu ya waya. Yule msichana akaanza kuandika programu ndogo za hatua tano sita na kuzifuata ndani ya mchoro kama mtu anayefuatilia ngamia kwa nyayo. Alikuwa amebakiza mihula miwili kumaliza. Nilishamwandikia barua kwa chuo kimoja kikubwa kule chini, upande wa Nairobi, nikawaambia wamtazame.

Ndipo ikaja siku ya wazazi.

Ajenda ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua: kaunti ingepunguza kozi zinazopewa basari, na bodi ilitaka kuamua ni zipi zibaki. Ushonaji ulikuwa salama, umekanika ulikuwa salama. Kozi yangu ndiyo ilikuwa kwenye mizani. Ikitolewa kwenye orodha, msichana wa Garbatulla anarudi nyumbani kesho yake, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumlipia. Nilimwambia hivyo waziwazi. Nikamwambia, wewe ndiye utakayewaonyesha, waone wenyewe.

Mbele walikaa afisa aliyetumwa na kaunti na mwenyekiti wa bodi yetu, mfanyabiashara wa mabati na saruji. Nyuma yao wazazi, kina mama upande mmoja, wazee upande mwingine. Mjomba wa msichana alikuwa amefika jana yake kwa lori la mbuzi, akalala kwa jamaa. Alikaa karibu na dirisha, mikono yote miwili juu ya fimbo.

Msichana alifanya vizuri mno. Alieleza kwa Kiswahili, akaona wazee wengine wanapotea, akageukia Kiborana, akarudi Kiswahili kwa ajili ya afisa. Kina mama walikuwa wameinama mbele kuona zile waya zikiwaka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, imeisha.

Afisa akauliza, “Hii prosesa ni ya mwaka gani?”

Swali la adabu tu. Na msichana akajibu kwa adabu, na kwa fahari pia, “Ni ya miaka ya sabini, mheshimiwa.”

Niliona uso wa yule mtu ukibadilika. Akaweka chupa yake ya maji chini.

“Ya sabini,” akasema. “Hospitali yetu ilikuwa inaletewa vitanda vilivyokataliwa kwingine. Shule zetu zilipewa vitabu vilivyochanika. Tukasema sawa, hiyo ilikuwa serikali ya Nairobi. Sasa tuna serikali yetu, na bado watoto wetu wanafundishwa kompyuta iliyotengenezwa mimi nikiwa sijazaliwa? Huko Nairobi wanafundishwa hii?”

Chumba kizima kikanguruma. Mama mmoja akafyonya.

Haki yake nimpe. Mtu yule hakuwa mjinga, na hasira yake haikuwa ya uongo. Huku kwetu kila kitu kilifika kikiwa kimeshachoshwa na wengine. Malori ya baba yalikuwa yale yaliyoshindwa kupanda milima ya Nyeri. Watu wazima hadi leo wakipita kizuizi kuelekea Nanyuki wanasema wanaenda Kenya, kana kwamba huku kwetu si Kenya. Hata methali tulizoletewa vitabuni zilikuja namna hiyo. Mgala muue na haki umpe, tulikariri darasa la tano, na mwalimu wetu kutoka kule chini hakujisumbua kutuambia kwamba Mgala wa methali ni huyu Mborana aliyekaa dawati la mbele. Kwa hiyo mtu akisikia neno “ya zamani” katika mkutano wa Isiolo, anajua amedharauliwa tena. Angekuwa mahali pengine, angeuliza kwa nini. Hapa hatuulizi. Tumeshajibiwa mara nyingi mno.

Na jibu lilikuwepo. Lilikuwa jepesi. Prosesa ya leo ina swichi kwa mabilioni, hakuna jicho la binadamu linaloweza kuzifuata. Ile ya zamani ina elfu chache, unaweza kuweka kidole juu ya kila moja. Na ukitaka kumfundisha mtu kuchinja, humwanzishi na ngamia, unampa mbuzi. Maneno machache. Kila mtu mle ndani alikuwa amechinja mbuzi.

Sikuyasema. Kwa sababu mwenyekiti alinigeukia akasema, polepole, kwa ile sauti ya mtu anayemkanya mtoto, “Na wewe mwalimu ni mzaliwa wa hapa. Mgeni akitufanyia hivi tungeelewa. Wewe?”

Basi. Mimi, ambaye nilinunua balbu ya projekta kwa mshahara wangu. Mimi, niambiwe nawalisha watoto wa kwetu makombo, na mtu aliyetuuzia mabati yaliyovuja mvua ya kwanza. Damu ilinipanda kichwani nikasimama.

Nikasema hakuna aliyetunyima huku zaidi ya tunavyojinyima. Nikasema kutojua si aibu, aibu ni kukaa kiti cha mbele na kutojua. Hayo pengine wangenisamehe. Halafu nikanyoosha kidole. Nikasema, “Huyu msichana ana akili kuliko ninyi nyote mliokaa hapa, kuanzia huku mbele hadi kwa mjomba wake pale dirishani, aliyemleta na hajui hata amemleta kusomea nini.”

Mzee yule alikuwa ameshavuta fimbo yake mbele na kuanza kuinuka kutoka kwenye kiti. Nilidhani anataka kutoka nje. Akairudisha fimbo mahali pake, akakaa, akatazama sakafu. Sikutazama uso wa msichana. Nilikuwa bado na mengi ya kusema na nikayasema.

Mwenyekiti alifunga mkutano kwa dua. Kozi yangu ikaondolewa kwenye basari hadi, walivyoandika, kitakapopatikana kifaa cha kisasa. Siku ileile, kabla ya saa kumi, mjomba alikuwa langoni na godoro lile begani, na msichana nyuma yake na sanduku. Msichana alinirudishia mkononi flashi niliyokuwa nimemwazima. Hakusema kwaheri, na mimi nilikuwa nimejaa hasira kiasi kwamba niliona hilo ni kosa la mjomba.

Wiki mbili nilitembea mjini nikizungumza peke yangu. Nilimkasirikia afisa, mwenyekiti, kaunti, Mwingereza aliyemleta babu yangu, wote. Mama akaniambia hasira ni hasara, nikamkasirikia naye. Zaidi ya wote nilimkasirikia yule mzee. Nilisema kote mjini kwamba amemtoa msichana masomoni kwa ajili ya kiburi, eti kwa sababu ameambiwa ukweli. Walionisikiliza waliitikia kwa kichwa. Ni hadithi inayopendwa sana, ile ya mzee wa huko ndani anayemkatizia msichana shule.

Halafu nikachukua laptopu nikaenda Garbatulla. Nieleweke: sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda kushinda. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, vumbi likiingia hadi kwenye meno, ngamia na mbuzi na mchinjaji, vyote kwa mpangilio.

Mjomba alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. “Salaam aleikum, mwalimu,” akasema, akaniwekea kigoda kivulini mwa nyumba, akaagiza chai ya maziwa. Aliniuliza habari za mama, za safari, za mvua kule mjini. Msichana alileta chai, akanisalimia kwa macho ya chini, akarudi ndani. Nikafungua laptopu, nikabonyeza, nikaeleza. Nilieleza kwa nini ya zamani na si mpya. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza hata mara moja.

“Hii naijua,” akasema. “Mtoto alinieleza asubuhi ile, alipokuja kunichukua kwa jamaa, tukitembea kuja huko chuoni. Alinieleza hata hiyo ya kwa nini ya zamani. Nikaona ina maana.”

Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona siku ile hakusema kitu.

“Nilikuwa nangoja wamalize. Kwetu mkutanoni mtu mkubwa husema mwisho, na akisema, maneno yameisha. Yule mwenyekiti ameoa kwetu. Mimi ni mkwe wake, mbele yangu hawezi kubisha. Nilikuwa nainuka niwaambie wamwache mwalimu afanye kazi yake.” Akanywa chai kidogo. “Ndio wewe ukanionyesha kwa kidole.”

Nikasema, kwa nini basi hakusema tu, baada ya mimi kunyamaza. Akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

“Ningesema nini, na kwa mdomo gani? Umeshawaambia watu wote mimi sijui kitu. Nikikutetea, watacheka. Watasema mzee amezeeka, anamtetea anayemtukana.”

Hapo ndipo nikasema pole. Ilinitoka kwa shida, lakini niliisema, na niliimaanisha. Aliipokea kwa kichwa.

“Asante. Lakini yale ulisema mbele ya watu,” akasema. “Hii unasema mbele ya chai.”

Nikamwambia nitaita mkutano, nitayasema mbele ya wote. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Mkutano gani, akauliza, na wa nani? Darasa si lilishafungwa? Alikuwa na haki. Wiki hiyohiyo kompyuta zangu saba zilikuwa zimebebwa kwenda ofisi ya mapato, na chumba changu kilikuwa kimejazwa viti vya mikutano.

Msichana alinisindikiza hadi barabarani kungoja gari. Alikuwa amevaa shuka ya kazini na mikono yake ilinuka moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Nilimwambia nitaendelea kuandika barua, nitatafuta njia, asikate tamaa, yale yote ambayo mwalimu husema akiwa hana kitu mfukoni. Alinisikiliza kama mjomba wake alivyonisikiliza. Kisha nikasema, kwa sababu sikuweza kujizuia, hata pale, hata baada ya yote, “Lakini unajua nilichosema siku ile kilikuwa kweli.”

“Ndiyo, Madam, kilikuwa kweli,” akasema. “Na yule afisa pia alisema kweli. Na mjomba alikuwa na haki ya kunyamaza. Ninyi nyote mlikuwa na haki. Mimi ndiye niliyekuwa nimebakiza mihula miwili.”

Gari likaja. Nilipanda, nikafunga mlango, na nilipogeuka alikuwa ameshaanza kurudi nyumbani.